Sharafa ya Kushoto

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi na wifi yako tu wazima, na tumbo lake linakua. Hofu yetu ni wewe tu uliye huko mpakani.

Redio imetangaza kwamba vita vimekwisha. Watu walijaa barabarani wakigonga masufuria na mifuniko, wengine wakalia, wengine wakakumbatiana na watu wasiowajua. Mimi nilifunga dirisha. Miaka yote nimeiomba siku hii, na ilipofika nikajikuta natafuta pa kujificha. Wifi yako alinicheka mpaka akashika kiuno.

Kazi ni ile ile. Kila asubuhi gari la jumba linanichukua nikamnyoe Jenerali. Ungedhani mtu aliyeshinda vita atakaa kitini ametulia. Wapi! Zamani, mabomu yakilia mjini, alikuwa akisinzia mikononi mwangu hata kukoroma. Siku hizi anataka askari anyolewe kwanza, kwa wembe ule ule na maji yale yale, ndipo yeye akae. Na Mkuu wa Usalama anasimama nyuma yangu na bastola, naisikia mbavuni kila nikivuta pumzi. Ngozi ya shingo ya Jenerali inarukaruka chini ya wembe. Ushindi umemtia woga ambao vita havikumtia.

Anamwogopa Ndevu, najua. Wapiganaji wake wamesalimu amri, lakini mwenyewe hajaonekana, si mzima si maiti. Si uliisikia ile ahadi yake, kwamba hatanyoa mpaka akae kwenye kiti cha Jenerali? Picha yake na zile ndevu za kufika kifuani imebandikwa kila ukuta, na hakuna anayekumbuka vizuri uso ulio chini yake. Imetoka amri kwamba atakayempa hifadhi atapigwa risasi mlangoni kwake, pamoja na kila atakayekutwa ndani. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukimwona mtu mwenye ndevu, kimbia upande wa pili.

Nikuchekeshe kidogo. Unakumbuka baba na kengeza lake? Alivyokuwa akikata sharafa, zile nywele za mbele ya masikio, ya kushoto ikashuka chini kuliko ya kulia, naye akaapa ziko sawa? Sisi tukajifunza kwake tukijua ndivyo kazi inavyofanywa. Nilipogundua nilikuwa mtu mzima, mkono umeshazoea, haurudi tena. Basi Jenerali alidhani ni mtindo. Sasa baraza zima la mawaziri linatembea na kengeza la baba usoni! Vinyozi wengine wanajaribu kuiga, hawalipati, wanazidisha. Mjini wanasema ule ni mkono wangu peke yangu. Sijawaambia kwamba tuko wawili.

Barua mpe Dereva tu, yule wa lori la dawa. Posta wanafungua.

Kaka yako

*

14 Machi

Kaka yangu,

Barua yako Dereva alinipa ikiwa imekunjwa ndani ya soksi yake. Nimeisoma nikiwa nimeziba pua.

Nimefurahi kusikia vita vimekwisha huko redioni. Hapa zahanati vimehamia kwenye miguu ya watu. Magodoro yamejaa mpaka ukumbini, mikasi nachemsha kwenye sufuria niliyokuwa nikipikia chai, na tangu daktari aondoke mimi ndiye daktari, mimi ndiye mfagizi. Sina muda hata wa kuogopa. Nakudanganya, muda huo ninao.

Nina swali la kazi. Nina mgonjwa mmoja, mwalimu mzee, ameletwa kwa mkokoteni akiwa hajitambui. Mguu ulikuwa umeoza, na chini ya taya alikuwa na jeraha lenye funza. Nilimnyoa kwanza ili nipate pa kushona, kama ninavyowanyoa wote. Kazi nzuri, baba angenisifu. Lakini kidevu kimetoka rangi tofauti kabisa na paji la uso, kama amevaa uso wa mtu mwingine kwa chini. Wewe mwenye uzoefu, ngozi iliyokaa miaka bila kuona jua inafanywaje ifanane na nyingine? Tena haraka?

Na ile amri uliyoniandikia, ni ya kweli au ni ya redioni tu? Nauliza kwa sababu watu hapa wanabishana.

Msalimie wifi. Mwambie asibebe ndoo.

Mdogo wako

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Loo! Kumbe! Nilimsomea wifi yako barua yako, akajipiga kofi pajani akasema, huyo si mgonjwa, huyo ni mchumba. Nani anahangaika na rangi ya kidevu cha mgonjwa? Mwalimu mzee, eti. Mzee wa umri gani? Ana watoto? Sisi tumekaa tukidhani umeapa kufa na mikasi yako, kumbe unamtengeneza mtu uso aje kutambulishwa nyumbani!

Haya, shemeji mtarajiwa umpake mafuta mepesi, umkalishe kwenye jua la asubuhi, si la mchana. Ukiwa na haraka ya kumwona mzuri, chemsha majani ya chai yawe meusi, chovya kitambaa, umkande kidevuni mara kwa mara. Rangi itashika. Na unapomnyoa tena fuata nywele zinakoelekea, usizipinge, ngozi hiyo ni changa.

Lakini nisikilize, utani kando. Asitoke nje kabla rangi haijafanana. Mkuu wa Usalama amegundua jambo hilo hilo uliloniuliza wewe. Amewaambia askari wa vizuizini waache kutafuta ndevu, watafute kidevu kipya. Wanawashika wanaume taya na kuwageuza juani kama wanavyochagua mbuzi. Mwalimu wako atakamatwa bure kwa kosa la mtu mwingine, na wewe utaanza maelezo ambayo hakuna wa kuyasikiliza.

Amri ni ya kweli. Muuza mkaa wa mtaa wa nyuma alimlaza mpwa wake aliyetoka msituni, kijana asiye na cheo chochote. Waliwapiga risasi yeye, mkewe, na mpangaji wao ambaye hata hakujua kuna mgeni. Nilipita asubuhi, mlango ulikuwa bado wazi na redio inaimba ndani. Sijamwambia wifi yako. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali na mambo haya.

Kaka yako

*

2 Aprili

Kaka,

Mchumba ameniacha.

Mwambie wifi afute harusi. Aliondoka na gongo lake kabla askari hawajafika, na bora alivyofanya, kwa sababu waliingia wakapindua magodoro yote, pamoja na wagonjwa waliokuwa juu yake. Waliwashika wanaume videvu, kama ulivyosema. Mmoja aliniuliza kwa nini natetemeka. Nikamwambia nina homa, nikampa kipimajoto akishike. Sijui nilikitoa wapi kicheko nilichocheka.

Chai ilisaidia. Kidevu kilikaribia kufanana, ila kwa kukitazama mbali. Siku ya kuondoka nilimnyoa mara ya mwisho, nikamtengeneza vizuri, nikamvika shati la marehemu mmoja. Akaniambia, "Muuguzi, hukuniona." Nikamwambia, "Nani?" Akatabasamu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ya kwanza homa iliposhuka aliniambia ukweli wake kabla sijamwuliza. Ningependa asingeniambia. Mtu ukishajua jina la mgonjwa huwezi tena kumtupa nje, na ukishamlaza huwezi tena kusema hukujua.

Tuachane na hayo. Ameshapita. Nimeuosha ule wembe mpaka vidole vimekunjamana, na bado naurudia. Niandikie mambo ya kawaida, kaka. Niandikie bei ya vitunguu.

Mdogo wako

*

11 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Ninayekuandikia ni mimi, si kaka yako. Kaka yako wamemchukua.

Nitakueleza kwa utaratibu nilivyoelewa, nisamehe mwandiko. Ndevu amekamatwa darajani, akichechemea na gongo, amenyolewa safi. Walimpeleka jumbani, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni yeye. Wakamwita kaka yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyewanyoa maofisa wote zamani, kabla Ndevu hajaingia msituni. Walidhani atautambua uso.

Alirudi mchana. Nilimwekea chakula, hakukigusa. Alikaa akitazama mikono yake. Nikamwuliza, ni yeye? Akasema ni yeye. Nikamwuliza, sasa hofu ya nini, si amepatikana? Akanijibu, "Mke wangu, sharafa ya kushoto imeshuka chini." Nikadhani amechoka akili. Nikacheka, wifi! Nikamwambia si mawaziri wote wako hivyo? Akasema, "Wao nimewanyoa mimi."

Aliniambia tu nisikuandikie chochote, narudia, chochote, na kama Dereva akija nimwambie lori lisibebe barua zetu tena. Kabla jua halijazama gari lilikuja. Kumbe Mkuu wa Usalama naye aliziona zile sharafa, na mji mzima unajua ni mkono wa nani. Nilikuwa mlangoni. Mkuu akamwuliza, "Kinyozi, huyu ulimnyoa wewe?" Na mume wangu, wifi, mume wangu ambaye hata panya anamfungulia mlango atoke, akajibu bila kumeza mate, "Ndiyo, mimi."

Sasa nakuomba uniambie, maana wewe na yeye hamfichani. Alimficha yule mtu lini? Alimficha wapi? Nyumba yetu ina vyumba viwili, na kila siku alirudi nikampokea koti. Kama ni uongo, kwa nini ameusema? Wanasema watampiga risasi pamoja naye, na kwamba mimi nimeponea tumbo hili. Nimekatazwa kukuandikia na nimekuandikia, kwa sababu sina mtu mwingine.

Wifi yako

*

15 Aprili

Wifi yangu,

Kaka hakumficha mtu. Ni mimi.

Mwalimu wangu mzee ndiye Ndevu. Aliletwa hapa anakufa, nikamnyoa ili nimshone, na nilipojua ni nani alikuwa ameshalala kwenye godoro langu. Sikumpenda, usidhani. Watu wake walichoma shule ya hapa. Nilimtibu kwa sababu alikuwa na mguu uliooza, basi. Na nikamnyoa kama baba alivyonifundisha, kwa sababu sijui namna nyingine. Sikufikiri hata mara moja kuhusu masikio yake. Niliogopa kidevu, nikahangaika na kidevu, nikamwuliza kaka habari ya kidevu, na huku juu nikamwandikia mtu jina la familia yetu pande zote mbili za uso.

Kaka aliuona mkono wangu akajua siku ile ile. Ndiyo maana amesema ni yeye, na ndiyo maana alikukataza kuandika. Alijua nikisikia nitakuja. Na kweli nakuja.

Usijaribu kunizuia, hutaniwahi. Naondoka na Dereva kesho asubuhi. Nitashuka kwenye lango la jumba, nitaomba kumwona Mkuu wa Usalama, nitamwambia anipe wembe na mtu yeyote, nimnyoe mbele yake. Ataona kwamba mikono iko miwili. Barua hii nimempa Dereva akuletee baada ya kunishusha, ili usije ukasimama langoni na hilo tumbo ukalia mbele ya askari.

Naogopa, wifi. Nimewekea wagonjwa maji na kuchemsha mikasi. Lakini kumwogopea yeye ni kubaya zaidi. Mtoto akizaliwa, mwambieni shangazi yake alikuwa fundi kuliko baba yake.

Wifi yako

*

16 Aprili, asubuhi

Mdogo wangu,

Niko nyumbani. Niko hai. Kaa chini kabla hujaendelea, na popote ulipo usiondoke.

Wifi yako amekiri kwamba alikuandikia. Sikumgombeza, hali yake hairuhusu, lakini nimeshika kalamu hata kabla ya kuoga. USIJE. Nakujua ulivyo, kwa hiyo narudia. Usije, hakuna tena sababu ya kuja.

Leo alfajiri walinitoa chumba cha chini. Nilijua ndiyo mwisho. Badala ya uani wakanipeleka kwenye chumba changu cha kazi. Kulikuwa na viti viwili. Kimoja amekikalia Jenerali, kingine amekikalia Ndevu, bega kwa bega, wote wamefungwa taulo shingoni, na wageni wa ng'ambo waliokuja kusimamia mapatano wamesimama na kamera. Wameafikiana, mdogo wangu. Wanaondoka wote wawili kwa ndege moja kwenda nchi ya watu, wakapewe nyumba na walinzi, na hakuna atakayeulizwa kitu. Nikaambiwa niwatengeneze kwa ajili ya picha.

Jenerali alikuwa analia kimya kimya. Alidhani ndege ni ya Ndevu peke yake, akaja kujua asubuhi ile ile kwamba Mkuu wa Usalama ameweka na jina lake. Ndevu yeye alikuwa anatazama kiti, maana ni kile alichoapa kukikalia, na sasa amekikalia. Sikuona furaha. Wakati nawanyoa wakaanza kuzungumza kuhusu maumivu ya mgongo, na dawa gani inafaa. Nilifikiri juu ya muuza mkaa, mkono ukawa mzito.

Nilipomgusa Ndevu sikioni, akasema kwa sauti, "Mkono huu naujua." Mkuu wa Usalama akasogea. Nikasema, "Ndiyo mzee, ni mimi niliyekunyoa." Akanitazama kwenye kioo. Alikuwa na uwezo wa kusema muuguzi. Neno moja tu, na yeye alikuwa hapotezi chochote, ndege inamsubiri. Akasema, "Ni yeye. Alininyoa yeye, peke yake, na hakuna mwingine."

Basi, limefungwa. Kwa Mkuu wa Usalama mwenye kosa ni mimi, na mimi ameniacha, kwa sababu aliyefichwa si adui tena, ni mheshimiwa aliyepigwa picha. Wewe hakuna anayekujua. Mtu huyo ameua watu wengi, na wewe amekuokoa kwa sentensi moja. Sijui nimweke wapi moyoni.

Mkuu wa Usalama sasa ndiye mwenye jumba. Amenigonga bega akaniambia, "Nenda kaoge. Kesho uje uninyoe mimi."

Nimemtuma jirani amtafute Dereva ampe barua hii. Anasema lori halijafika bado. Litafika tu. Wewe baki na wagonjwa wako, na ukitaka habari za vitunguu, vimepanda.

Kaka yako anayekupenda

*

25 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yangu ya kukuzuia ilikukosa, ulikuwa tayari ndani ya lori. Barua zetu zilikuwa zinapita kwenye mabonde na vizuizi. Hii itapita ukuta mmoja, kati ya chumba changu cha kazi na hicho ulichofungiwa. Wifi yako anaruhusiwa kukuletea chakula, na hawapekui kilemba chake, kwa hiyo ukimaliza kusoma itafune.

Najua unajilaumu. Acha. Mimi ningekuja hivyo hivyo. Mkuu ameniambia ulivyofika langoni ukadai wembe, na ulivyomnyoa mlinzi wake bila kumkwaruza. Alikuwa anacheka akinisimulia. Kisha akaacha kucheka. Akasema hana shida tena na Ndevu wala aliyemficha, lakini amejifunza kitu. Kinyozi aliyekubali kufa mbele ya mkewe mjamzito, kasema, ni mtu wa kuogopwa, naye alikuwa anasumbuka atapata wapi cha kunishikia. Ukaja mwenyewe kwa miguu yako.

Hataki askari anyolewe kwanza, kama Jenerali. Hataki bastola mbavuni mwangu. Anaketi, anafumba macho, na mlango wa chumba chako unaachwa wazi kidogo ili nione viatu vya mlinzi wako. Hivyo tu. Ameamuru usidhurike maadamu yeye hajadhurika, na hakusema kudhurika ni kiasi gani. Chunusi moja anayo, upande wa koo. Naiota.

Wale wawili nimewasikia redioni. Wana nyumba zinazotazamana. Jenerali ana matatizo ya moyo, na Ndevu ameomba madaktari wa huko wamkate ule mguu uliooza na kumtengenezea wa bandia.

Wewe kula. Usikatae chakula kwa kunikasirikia au kujikasirikia, nahitaji uwe na nguvu. Kila asubuhi nikimaliza nitamtuma wifi yako na karatasi, hata kama haina neno. Ukiipata, jua ameinuka kitini salama, na tumepata siku nyingine. Ikichelewa usimwulize mtu, wala usiite jina langu.

Leo mkono wangu ulitetemeka. Niliushika kwa ule mwingine, nikajifanya nanoa wembe. Alikuwa amefumba macho. Nadhani hakuona.

Kaka yako